Uzi wa Kuunga

Uzi wa kuunga haufundishi njia.

Ndivyo mwalimu wa kwaya alivyowaambia Jumapili iliyopita, siku ile Sesilia, mliyezoea kumfuata, alipokosekana kwa homa na ninyi wote mkakwama kwenye ubeti wa pili, kila mmoja akimtazama mwenzake mdomoni. Mmekuja kuniuliza maneno hayo aliyatoa wapi. Hakuyatunga yeye. Yalitoka kwenye cherehani ya kushonea ngozi, na aliyenisimulia ni Kalunde, aliyekuwapo tangu mwanzo hadi mwisho. Nitawaeleza kama alivyonieleza, bila kuharakisha, maana yeye mwenyewe alikuwa amechoka aliponisimulia na hakuharakisha.

Huko Unyamwezini, mwendo wa siku moja kutoka reli, palikuwa na makazi ya wagonjwa wa ukoma yaliyoitwa Ntundulu. Wengi wao walikwisha kupona, lakini ugonjwa ulikuwa umeondoka na kitu ambacho haukukirudisha. Ukoma huua hisia. Mtu huweza kukanyaga kaa la moto akaendelea na safari, akajua jioni anapoona damu kwenye mkeka. Ndiyo maana pale Ntundulu viatu vilihesabiwa kuwa dawa. Kila mmoja alivaa makubazi yaliyopimwa kwa mguu wake: chini mpira wa tairi, katikati tabaka laini, juu mikanda ya ngozi. Sharti lilikuwa moja, nalo halikuvunjwa: hapana msumari. Msumari ukichomoza ndani ya kiatu, mwenye mguu uliokufa ganzi ataukanyaga wiki nzima huku akicheka na wenzake. Gundi nayo ilijaribiwa, ikaachia kwa joto la ardhi. Kwa hiyo kila kiatu kilishonwa.

Kilishonwa na cherehani moja. Ilifika ndani ya kasha la mbao ikiwa tayari ni ya kale, na mahali palipokuwa na jina la kiwanda palikwisha kufutika kwa viganja vya watu. Ilikuwa nyeusi, nzito, yenye mkono mrefu mwembamba kama shingo ya korongo, ili kiatu kiweze kuvishwa juu yake na kugeuzwa kila upande. Mchwa walikwisha kula karatasi za maelezo. Mzee Kashindye, fundi wa kwanza, aliichunguza peke yake miezi kadhaa mpaka ikamtii. Kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimejikunja na vingine vimekwisha, alifunga kikombe cha ngozi kwenye mpini wa gurudumu, akawa anaizungusha kwa kiganja.

Kutunga uzi ndiko kulikokuwa kazi ngumu. Kashindye alipofanikiwa mara ya kwanza, hakutaka tena mateso yale. Rili ya uzi ilipokaribia kwisha, alikata, akafunga uzi mpya kwenye mkia wa uzi wa zamani, akavuta polepole. Fundo lilipita kati ya visahani viwili vinavyobana uzi, likapanda kwenye kijiti kinachochezacheza, likapotea, kisha likachomoza juu ya sindano. Hapo alikata fundo, akaingiza uzi kwenye tundu la sindano, akaendelea kushona. Akaweka na sheria ya karakana: uzi usiishie tumboni mwa cherehani.

Alipozidiwa na maradhi, kazi ilimwangukia Mihayo, mtu mpole mwenye mikono iliyojikunja kama yake. "Utaunga, utavuta taratibu, utakata," mzee alimwambia. Mihayo akafanya hivyo. Kashindye akazikwa, na Mihayo akaendelea kufanya hivyo miaka kumi na mmoja. Kalunde alikuwa mwenzake karakanani, akikata nyayo za tairi kwa kisu kilichofungwa mkononi kwa ukanda. Siku moja alimuuliza kwa nini uzi usiishie tumboni. Mihayo akajibu, "Ndivyo tulivyoachiwa." Jibu lilitosha, kwa kuwa viatu vilikuwa vinatoka.

Sasa, mwaka ninaousema, kulikuwa na mama mmoja jina lake Nyamizi. Alikuwa na kidonda unyayoni. Kilifunga, kikafunguka, kikafunga tena, kikafunguka tena. Mara ya pili alilala miezi saba, mguu umefungwa plasta ngumu. Alipofunguliwa, ngozi ilikuwa imeziba, nyembamba na ya waridi kama ya mtoto. Dresa wa makazi, mfunga vidonda, aliitwa Pazi, Mzaramo wa pwani, mtani wa Wanyamwezi wote waliokuwa pale. Siku hiyo hakutania.

"Mama Nyamizi, nisikilize. Kikifunguka mara ya tatu hatutatibu. Tutakata."

"Nimesikia."

"Usikanyage ardhi bila makubazi. Hata kwenda chooni."

"Nimesikia, baba. Makubazi yenyewe lini? Jumamosi kaka yangu anakuja na baiskeli kunichukua. Mvua imeshaanza."

Mvua ndiyo iliyokuwa inamsumbua. Misimu miwili ilikuwa imempita kitandani. Kwao shamba lililolala misimu mitatu hupewa mwingine mwenye nguvu za kulima, na hapakuwa na ubaya ndani yake, ndiyo desturi. Kaka yake naye alikuwa na mashamba yake. Asingerudi mara mbili. Kwa hiyo ilijulikana na kila mtu kwamba Jumamosi Nyamizi angeondoka, iwe ana viatu au hana. Na asipokuwa navyo, mguu ule usingefika mavuno.

Jumatatu Mihayo alipima mguu wake, Kalunde akakata nyayo. Uzi ulikuwa unakaribia kwisha. Uzi wa kitani waliouzoea haukuwa umeletwa. Uliokuja ni wa nailoni, mnene, unaoteleza. Mihayo akaunga kama kawaida, akavuta. Nailoni haishiki fundo kama kitani. Fundo likapanda kijiti, likapotea, na kule tumboni likafunguka. Uzi wa zamani ukatoka chini mtupu. Mihayo akavuta ule mpya kutoka juu, nao ukamrudia mtupu. Akabaki ameshika nyuzi mbili, moja huku na moja huku, na katikati yake cherehani isiyo na uzi, kwa mara ya kwanza tangu siku za Kashindye.

Kalunde alisema Mihayo hakushtuka. Alisema, "Haidhuru, nitatunga." Kwani si alikuwa ameutazama uzi ule miaka kumi na mmoja? Akaupitisha katika kitundu cha kwanza, akaupitisha kati ya visahani, akaupandisha kwenye kijiti, akaushusha moja kwa moja hadi kwenye sindano, kwa nje, mahali ambapo jicho linaona. Kwa mikono yake, kazi hiyo ilimchukua mpaka adhuhuri.

Cherehani ikashona. Mshono kwa juu ulionekana mzuri. Kalunde akashika ukanda akauvuta, na mshono wote ukafumuka kama ganda la choroko lililokauka.

"Uzi mbaya," alisema Mihayo.

Akautia nta. Ukakatika. Akasema sindano imechakaa, wakabadilisha sindano. Ukakatika. Akasema ngozi imepata unyevu wa mvua, wakaianika karibu na moto. Akakaza skrubu ya visahani, akailegeza, akaikaza tena. Jumanne ikaisha hivyo. Jumatano ikaisha hivyo. Pazi alipanda baiskeli kwenye tope hadi mjini kuuliza mafundi cherehani, akarudi akiwa amelowa mpaka kiunoni. Walimwambia wao wanashona kanga na sare za shule, mashine ya ngozi hawajapata kuigusa.

Kila jioni Kalunde alifagia vipande vya uzi vilivyokatika, akavitupa nje. Mihayo alikuwa na uchovu wa mtu anayesukuma mlango ambao hufunguliwa kwa kuvutwa.

Alhamisi asubuhi Kalunde alikwenda kumchukua Nyamizi ili mguu upimwe upya. Walirudi wakitembea taratibu, Nyamizi kwenye magongo, mguu mmoja juu, umefungwa vitambaa. Walipoingia karakanani walimkuta Mihayo amepiga magoti, nyundo mkononi, na misumari midogo mitatu imebanwa kati ya midomo.

"Kaka Mihayo," alisema Kalunde, "hiyo nyundo ya nini?"

Mihayo akatema misumari kiganjani. "Nitaikunja ncha. Halafu nitaweka ngozi nyingine juu yake. Haitachomoza."

Nyamizi akaegemea mlango akacheka. "Mwache, Kalunde. Anipigilie kama mzinga wa nyuki. Mimi nitaimba njia nzima, wala sitasikia kitu."

"Usicheke, dada," alisema Kalunde. "Mzee Ng'wandu naye aliambiwa ncha zitakunjwa, kabla ya siku za Kashindye. Mguu wake uko makaburini, na mwenyewe yuko pale nje anaota jua."

Mihayo akaweka nyundo chini. "Basi mnataka nifanye nini? Cherehani imekufa."

"Imekufa, au hujui?"

Kalunde alinieleza kwamba alijuta mara tu alipolisema. Alikuwa amemheshimu mtu huyu miaka yote, na hapakuwa na fundi mwingine Ntundulu. Mihayo alitazama mikono yake. Nje Ng'wandu alikuwa akikohoa.

"Sijui," akasema. "Nilikuta uzi umo. Ukikaribia kwisha naunga. Ukikaribia kwisha naunga. Sijawahi kutunga, hata mara moja."

"Miaka kumi na mmoja?" aliuliza Nyamizi.

"Miaka kumi na mmoja, dada. Na watu wananiita fundi."

Hakuna aliyemcheka. Nyamizi alijivuta hadi kwenye kigoda, akalaza magongo sakafuni, akapandisha mguu wake juu ya rundo la matairi. "Haya," akasema. "Leo Alhamisi. Tuanze na lile unalolijua. Hilo fundo lako, mwisho ulikuwa unaliona wapi?"

"Hapa juu, kwenye kijiti."

"Halafu?"

"Halafu linatokea hapa chini, karibu na sindano."

"Katikati?"

"Katikati halionekani."

"Sasa mbona uzi wako wewe unaonekana njia nzima?"

Nyamizi akaendelea, kwa sauti ya mtu anayezungumza na jirani kizimbani mwa kuku. "Panya akiingia huku akatokea kule, hakuruka hewani. Kuna shimo. Kwetu tunamfukiza moshi."

Wakainama wote watatu. Juu kabisa ya ile nguzo ya chuma inayobeba sindano, palikuwa na kidoa cheusi. Mihayo alikuwa amekipangusa kwa kitambaa kila wiki, akidhani ni kichwa cha skrubu. Kalunde akakikwangua kwa ncha ya kisu, na nta ya zamani ikatoka, na mafuta yaliyoganda, na vumbi la ngozi. Kikawa tundu.

"Puliza," alisema Nyamizi.

Mihayo akapuliza. Kalunde akaweka kiganja chini, kisha akakumbuka kwamba kiganja chake hakijui upepo wala moto. Akalaza shavu kwenye meza, karibu na sindano, akangoja. Hakusikia kitu. Mihayo akapuliza tena mpaka mishipa ikamsimama shingoni. Hapana.

"Limeziba," alisema Kalunde.

Wakamimina mafuta ya taa kidogo kidogo katika tundu lile, wakangoja. Walingoja mpaka chakula cha mchana kikapita. Mihayo alilala ameketi, kichwa ukutani. Ndipo Nyamizi, ambaye hakuwa na kazi nyingine ila kutazama, akasema polepole, "Jamani, inalia." Chini ya nguzo, kando ya sindano, tone jeusi lilikuwa limening'inia. Likaanguka. Likafuata jingine.

Mihayo akapuliza mara ya tatu, na Kalunde akasikia pumzi yake shavuni. Ilikuwa na harufu ya mafuta ya taa. Aliniambia hajapata kufurahia harufu mbaya namna ile.

Njia ikajulikana, lakini kuipita ni jambo lingine. Uzi laini hauwezi kusukumwa ndani ya tundu refu kama shubiri. Ulihitajika waya mwembamba wenye kikulabu cha kuuvuta. Pazi alipoambiwa alikwenda kwenye baiskeli yake, akachomoa waya wa breki, akaurusha mezani.

"Mnyamwezi, umekula breki zangu. Nikiuawa na mteremko, mwili wangu mtaubeba ninyi mpaka pwani. Si ndiyo kazi ya babu zenu, kubeba?"

"Tutakubeba, mtani," alijibu Mihayo. "Lakini tutakutua kila tunapoona pombe."

Ilikuwa mara ya kwanza kutania tangu Jumatatu.

Kalunde akachambua uzi mmoja wa chuma katika waya ule, akaukunja ncha kwa meno. Ulipaswa kuingizwa kwa chini, utokee juu, uzi utiwe kwenye kikulabu, kisha uvutwe urudi chini. Maneno machache, lakini vidole vilivyokuwapo chumbani havikutosha kufanya mkono mmoja mzima. Waya ulikwama. Ulipotokea, uzi uliponyoka. Uliposhika, ulikatika katikati. Mihayo aliushika uzi kwa midomo na Kalunde akavuta waya kwa meno, vichwa vyao vikigusana kama mbuzi. Giza lilipoingia waliacha, wakalala njaa kwa sababu hakuna aliyekumbuka jikoni. Ijumaa wakaanza tena. Nyamizi alihesabu: mara ya kumi na tisa, uzi ukatoka chini.

Mihayo akauingiza kwenye tundu la sindano, akaweka kiganja katika kikombe cha ngozi, akazungusha. Cherehani ikatoa sauti yake ya zamani. Pazi akashika ukanda kwa mikono yake mizima, akaweka mguu juu ya wayo, akavuta mpaka akatoa jasho. Mshono haukusogea.

Jumamosi asubuhi, kaka yake Nyamizi akiwa amesimama nje na baiskeli, akitazama mawingu, Mihayo alimfunga Nyamizi makubazi. Aliyafunga mwenyewe, polepole, akakagua kila tundu. Nyamizi akasimama. Akatembea hatua tatu bila magongo.

"Yanabana?" aliuliza Mihayo, kisha akaona upumbavu wa swali lake.

"Utaniambia wewe," alisema Nyamizi, akapanda baiskeli.

Alipanda mbegu kwa kuchelewa. Mwaka ule alipata karanga kidogo na viazi, mahindi hayakumkubali. Lakini shamba lilibaki lake, na alizeeka, na siku alipozikwa alizikwa na miguu yote miwili.

Baadaye watu wa Ntundulu walianza kumsema Kashindye. Walisema alikuwa mchoyo, kwamba aliuficha ujuzi akaondoka nao. Kalunde hakukubali. Alisema kwamba ile Ijumaa, waya ukiwa kati ya meno yake na ufizi unatoka damu, alimwelewa mzee yule. Kashindye aliipita njia hiyo peke yake, bila mtu wa kumpulizia wala wa kumwekea shavu. Alipomwona Mihayo na mikono ileile, alimwonea huruma, akamwachia kazi ikiwa imekwisha kutungwa. Hakujua kwamba amemwachia nusu. Mimi pia siwezi kumlaumu. Wazazi wengi hufanya hivyo.

Lakini sijawaeleza jambo la mwisho. Ile Jumamosi, baiskeli ilipopotea machoni, Kalunde alirudi karakanani akitaka kulala tu. Akamkuta Mihayo ameshika uzi ule uliowagharimu siku mbili. Mbele ya macho yake, akaukata kwenye rili, akauchomoa wote kwa chini.

"Umerukwa na akili?" Kalunde alipiga kelele. "Si ulikuwa umekaa vizuri?"

"Ulikaa vizuri," alisema Mihayo. Akamsogezea kigoda, akamwekea waya mbele yake. "Tunga."

"Kaka, nimechoka."

"Najua. Hata mimi nimechoka. Tunga."

Akatunga. Ilimchukua mpaka alasiri. Alipomaliza, Mihayo akauchomoa tena, akatunga yeye, na Kalunde akamtazama. Tangu hapo, kila rili ilipokwisha, waliuchomoa uzi wote na kuanza upya, leo huyu kesho yule, na kila aliyekuja kujifunza kazi alianzia hapo. Asubuhi nyingi zilipotea hivyo.

Mgeni mmoja aliyekuja kukagua makazi aliwakuta kazini, akatazama, akahurumia. Alikuwa mtu mwema. Alisema mkewe ana cherehani nyumbani, na rili ikikaribia kwisha hufunga tu uzi mpya kwenye ule wa zamani na kuvuta. Akauliza kwa nini watu wenye mikono kama hii wajitese.

Kalunde hakuweza kumjibu, maana alikuwa na waya kati ya meno. Mihayo ndiye aliyejibu. Alikuwa ameulaza uso wake mezani, shavu karibu na sindano, na hakuuinua.

"Bwana," alisema, "uzi wa kuunga haufundishi njia."